Kusimika Nguzo za Ua

Ua wa nyumba una kazi nyingi. Huzuia mbuzi wasiingie shambani, huwalinda kuku, huonyesha mpaka baina ya jirani na jirani, na usiku humpa mwenye nyumba usingizi. Wazee wetu walijua namna nyingi za kuujenga. Wengine walipanda minyaa, wengine michongoma; katika nchi ya Tanga wengi walipanda mkonge mpakani, na miiba yake ikawa askari. Huko Kilimanjaro Wachaga hupanda masale. Watu wa pwani walitumia boriti za mikoko. Njia hizo zote ni njema, wala si haki kuzidharau. Lakini mti mkavu ukitiwa ardhini una maadui wawili, mchwa na kuoza. Kwa hiyo watu wengi siku hizi hununua nguzo za chuma, wakadhani kwamba wakishazinunua kazi imekwisha. Hapo ndipo wanapojikwaa. Ni kweli kwamba mchwa hawali chuma. Lakini nguzo ya chuma huanguka kama nguzo nyingine, na mara nyingi huanguka upesi zaidi, kwa kuwa ni nyembamba, na ardhi haipati mahali pa kuishika.

Basi somo hili ni habari ya ile sehemu ya nguzo isiyoonekana, yaani sehemu iliyo chini ya ardhi.

Katika kijiji kimoja upande wa Muheza alikuwako mjane mmoja, mwenye shamba dogo la mahindi nyuma ya nyumba yake. Baada ya kuuza machungwa yake alinunua nguzo za chuma ishirini na waya wa miiba, akawaita vijana wawili, wakazisimamisha zote kwa siku moja, wakapokea ujira wao, wakaenda zao. Ua ulipendeza macho. Masika ilipokuja, mvua ikalowesha ardhi. Mbuzi wa jirani walikuwa na desturi ya kujikuna migongo kwenye nguzo ya pembeni. Nguzo ile ikainama kidogo, waya ukalegea, na nguzo za pili na za tatu zikaifuata, kama watu walioshikana mikono mmoja wao akiteleza. Usiku mmoja mbuzi wakaingia, na asubuhi palikuwa na mabua tu.

Mjane akaenda kwa jirani, akamwambia, "Kaka, mbuzi wako wamekula chakula changu cha mwaka mzima. Nataka unilipe." Jirani akajibu, "Dada yangu, pole sana, lakini mbuzi wangu hawakuvunja kitu. Ua wako ulilala wenyewe." Maneno yakawa makali, hata shauri likafika kwa wazee. Wazee hawakuamua wakiwa wameketi barazani, walikwenda kutazama. Mmoja wao, mzee wa miaka sabini na zaidi, akashika nguzo kwa mkono mmoja, akaing'oa kama mtu ang'oavyo mhogo. Wakapima shimo kwa shibiri: shibiri moja na nusu, wala hapakuwa na jiwe ndani yake. Yule mzee akasema, "Mwanangu, nguzo hizi hukusimikiwa. Umechomekewa tu." Wakaamua mwenye mbuzi alipe nusu ya mahindi, na wale vijana warudi kuchimba upya bila ujira.

Kwa nini shibiri moja na nusu haikutosha? Fikirini habari za wenzo, mliyojifunza katika somo la nguvu. Nguzo ni wenzo uliosimama. Usoni pa ardhi ndipo egemeo lake, sehemu ya juu ni mkono mrefu, na sehemu ya chini ni mkono mfupi. Tuseme nguzo yaonekana sentimeta 180 juu ya ardhi, nayo imezikwa sentimeta 60. Mkono wa juu ni mara tatu ya mkono wa chini. Mtu akiisukuma juu kabisa kwa nguvu ya kilo 10, ncha ya chini husukuma udongo kwa nguvu ya kilo zisizopungua 30. Sasa izikeni sentimeta 30 tu. Mkono wa juu umekuwa mara sita, na nguvu ile ile ya kilo 10 yasukuma udongo kwa kilo 60. Tena udongo ulio karibu na uso wa ardhi ni dhaifu kuliko wa chini, maana ndio unaolimwa, ndio unaolowa, ndio unaokauka na kupasuka. Kwa hiyo anayepunguza shimo hupata hasara mara mbili.

Msiniamini kwa maneno tu. Chukueni debe, lijazeni mchanga mbichi ulioshindiliwa, mchomeke ndani yake kijiti kinyoofu chenye urefu wa sentimeta 40. Kwanza kizikeni sentimeta 5, mfunge uzi juu, mvute polepole kwa upande. Kisha kizikeni sentimeta 10, kisha 15, mkishindilia kila mara kama mara ya kwanza. Mtaona kwamba kina kikiwa maradufu, nguvu inayotakiwa kukiangusha huzidi sana maradufu. Mwenye mizani ya ndoana aitumie, aandike hesabu zake.

Kanuni ya mafundi ni kuzika theluthi ya urefu ule unaoonekana juu. Ua wenye kimo cha sentimeta 180 wataka nguzo za sentimeta 240, na 60 zake huingia ardhini. Nguzo za pembe na za lango huzikwa zaidi, sentimeta 90, nazo huchaguliwa nene kuliko nyingine. Sababu yake tutaiona baadaye.

Kabla ya kuchimba hata shimo moja, iteni majirani. Mpaka ukipimwa mbele ya watu wa pande zote mbili, ua utakuwa ua. Ukipimwa kwa siri, utakuwa kesi. Kama shamba limepimwa na serikali na lina bikoni, bikoni isiguswe wala isisogezwe. Ulizeni pia kama pana bomba la maji au waya wa umeme uliozikwa mahali pale, maana mtaimbo hauna macho.

Kisha fungeni kamba toka pembe hata pembe, juu ya vigingi. Ili kupata pembe iliyo sawa, tieni alama kwenye upande mmoja kwa mita 3 toka kigingi cha pembeni, na kwenye upande wa pili kwa mita 4. Umbali baina ya alama hizo mbili ukiwa mita 5 barabara, pembe yenu ni ya nyuzi 90. Ukiwa zaidi au pungufu, sogezeni kamba, si alama.

Nguzo za pembe husimikwa kwanza. Zikiisha kukauka, kamba hufungwa baina yake, moja chini na moja juu, na nguzo za katikati hufuata kamba hizo. Tuchukue kiwanja chenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 24, na nguzo ziwe mbali mita 3. Mzunguko wake ni mita 108. Gawanya kwa 3, wapata nguzo 36. Nne ni za pembe, mbili ni za lango lenye upana wa mita 3, na 30 zilizobaki ni za katikati. Ajitahidiye kuokoa fedha kwa kuweka nguzo mbali sana atapata ua unaoning'inia kama kamba ya nguo.

Sasa shimo. Kwa nguzo ya bomba yenye upana wa sentimeta 5, chimbeni shimo la sentimeta 30 kwa 30, na kina cha 70. Sentimeta 10 za chini mtajaza kokoto, ili maji yapate njia ya kushuka, na 60 zilizobaki ni za nguzo na zege. Kuta za shimo zishuke wima. Kosa la wengi ni kuchimba shimo lenye umbo la bakuli, pana juu na jembamba chini. Zege la namna hiyo halina mguu. Yafaa hasa chini pawe papana kidogo kuliko juu, kama chungu.

Lakini udongo si mmoja. Udongo mwekundu wa vilima ni mgumu na hushika vizuri; hapo nguzo za katikati zaweza kusimama hata bila zege, mradi udongo urudishwe kidogo kidogo, kila sentimeta 15 zikishindiliwa kwa mti mzito mpaka mti urudi mkononi kwa mlio. Mchanga wa pwani huanguka ndani ya shimo kabla hamjamaliza kuchimba, basi hapo shimo liwe pana na lenye kina zaidi, na zege ni lazima. Udongo mbaya kuliko wote kwa kazi hii ni ule mweusi wa mbuga. Masika hunywa maji ukavimba. Kiangazi hukauka ukapasuka nyufa ambazo mkono waingia. Kuvimba na kusinyaa huko huinua nguzo polepole kila mwaka, kana kwamba mtu aliye chini aisukuma juu. Dawa yake ni kushuka chini ya nyufa, hata sentimeta 90 au zaidi, na kuhakikisha kwamba zege halikutandazika juu kama uyoga, maana udongo ukivimba utaushika uyoga ule kwa chini na kuuinua. Mahali penginepo waya hufungwa juu ya miti iliyo hai: huko Simanjiro, katika nchi ya Wamasai, maboma mengi huzungushiwa wavu wa chuma uliofungwa kwenye miti ya jamii ya manemane, iliyopandwa ikachipua, ili kuzuia simba. Mti hai hushika ardhi kwa mizizi yake wenyewe, wala hauombi saruji. Nguzo ya chuma haina mizizi, basi sisi ndio tunaoitengenezea.

Mizizi hiyo ni zege. Saruji tunayoitumia leo, iitwayo Portland, ilipata hati yake mwaka 1824 kwa mjenzi wa Leeds, Uingereza, jina lake Joseph Aspdin. Kwa nguzo, changanyeni ndoo 1 ya saruji, ndoo 2 za mchanga safi, na ndoo 4 za kokoto. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi ni rafiki wa kutu, msiutumie. Changanyeni vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, kisha tieni maji kidogo kidogo. Zege likiwa maji maji kama uji, ni jepesi kumwaga lakini likikauka ni dhaifu. Liwe zito, likae juu ya beleshi bila kutiririka. Msilichanganye kwa mikono mitupu wala kwa miguu, maana saruji mbichi huunguza ngozi kama chokaa. Na ikiingia jichoni, oshea maji mengi mara moja na kumpeleka mtu kwa mganga wa hospitali.

Hesabu yake ni hii. Shimo moja lapokea sentimeta 30 kwa 30 kwa 60, yaani lita 54. Mashimo 30 ya katikati yatapokea lita 1,620. Mita moja ya ujazo, ambayo ni lita 1,000, yataka mifuko kama 6 ya saruji ya kilo 50. Basi mifuko 10 yatosha kwa nguzo za katikati, na ya pembe huhesabiwa mbali.

Kabla ya kuitia nguzo shimoni, itazameni chini yake. Bomba laini laweza kuzunguka ndani ya zege, au kutoka kama kisu kwenye ala. Kwa hiyo fundi huchomelea kipande cha chuma mtambuka karibu na mguu wake, au huupasua mguu na kuukunjua pande mbili kama mkia wa samaki. Matundu yote ya kupitishia waya nayo yatobolewe sasa, nguzo ikiwa imelala.

Isimamisheni juu ya kokoto, mwage zege nusu, mlichomechome kwa fimbo ili hewa itoke, kisha mpime wima wake. Timazi si lazima inunuliwe. Uzi na jiwe zatosha. Mmoja ashike uzi juu karibu na nguzo, jiwe likitulia atazame kama uzi na nguzo vyaenda sambamba. Kisha azunguke robo ya duara, apime tena. Nguzo yaweza kuwa wima ukiitazama toka mashariki, kumbe yainama ukiitazama toka kusini. Jazeni zege lililobaki, pimeni mara ya tatu, na ishikizeni kwa vijiti viwili vilivyofungwa kwa pande mbili. Kisha iacheni. Watoto wengi hawawezi kuacha; huja kuitikisa kila saa wapate kujua kama imekauka, na kila mtikiso hufungua nafasi ndogo baina ya chuma na zege isiyozibika tena.

Zege halikauki kama nguo. Hukomaa kwa maji, na likinyimwa maji hupasuka. Lifunikeni kwa gunia bichi, mlinyunyizie asubuhi na jioni kwa siku 7. Waya usikazwe kabla ya siku hizo kwisha. Nguvu karibu zote za zege hupatikana baada ya siku 28.

Sasa twafika kwenye sababu ya nguzo za pembe. Nguzo ya katikati huvutwa na waya upande huu na upande huu sawasawa, basi mvuto mmoja humaliza mwingine, nayo haina kazi ila kuuinua waya. Nguzo ya pembe huvutwa upande mmoja tu na kila ukuta wa ua, wala haina mwenziwe wa kuivuta nyuma. Mzigo wote wa mstari umo juu yake. Ndiyo iliyoinama kwa mjane wa Muheza, na baada yake hakuna nguzo iliyoweza kusimama. Kwa hiyo hupewa mwega, yaani chuma cha kuiegemeza. Juu hufungwa kwa parafujo kwenye theluthi mbili za kimo cha nguzo, chini hukanyaga bonge la zege lililozikwa, nao hulala kwa pembe ya nyuzi kama 45.

Lakini mwega usimame wapi? Wengi huuweka nje ya ua, upande usiovutwa, wakidhani utaishika nguzo isianguke ndani. Mwega hausaidii kwa kuvuta. Husaidia kwa kusukuma. Mwenzako akikuvuta mkono kwa mbele, aliye nyuma yako hakufai kitu asipokushika. Bali aliye mbele yako akiweka mkono kifuani pako, huanguki. Basi mwega uwe ndani ya mstari wa waya wenyewe, upande ule waya unakovuta. Pembe ina kuta mbili, kwa hiyo ina miega miwili. Nguzo ya lango ina mmoja. Katika kiwanja chetu ni miega 10.

Waya hufungwa upande ule adui atokako. Kama ua ni wa kuzuia mbuzi wa nje, waya uwe nje ya nguzo, ili mbuzi akisukuma asukume waya juu ya nguzo, asiukokote kutoka kwenye vifungo vyake. Kama ni zizi, uwe ndani. Waya wa miiba wa namna tuujuayo ulipata hati Marekani mwaka 1874, kwa mkulima wa Illinois, Joseph Glidden, naye alitafuta jambo hili hili: ng'ombe wasiegemee ua.

Limebaki jambo la kutu. Kutu hutaka vitu viwili pamoja, maji na hewa. Chuma kilichozama ndani ya zege zuri hakipati kutu upesi, maana saruji hukilinda. Na kilicho juu hukauka kila jua linapotoka. Lakini pale nguzo inapotoka ardhini, mahali mafundi wapaitapo shingo, maji na hewa hukutana mchana na usiku. Nguzo nyingi za chuma hukatika hapo, juu na chini zikiwa bado nzima. Kwa hiyo zege lisiishe chini ya uso wa ardhi. Lipandishwe juu sentimeta 5, na kichwa chake kifanywe kama mgongo wa kobe, maji yateremke mbali na chuma. Likiachwa na shimo katikati kama kinu, kila mvua itaweka bwawa shingoni pa nguzo. Bomba lazima lizibwe juu kwa kifuniko, la sivyo mvua itajaa ndani, na kutu itakula toka ndani mahali jicho lisipofika.

Afadhali kununua nguzo zilizochovywa zinki, ijapokuwa bei yake ni kubwa. Njia hiyo ilipewa hati Ufaransa mwaka 1837, kwa Stanislas Sorel. Zinki huliwa kwanza badala ya chuma, hata palipo na mkwaruzo mdogo. Lakini kila mahali mlipokata au kutoboa zinki imeondoka, pakeni rangi ya zinki siku ile ile. Kuchomelea chuma chenye zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa; fundi afanye kazi hiyo uwanjani, na zinki ya mahali pa kuchomelea ikwanguliwe kwanza. Karibu na bahari, kama Tanga au Pangani, upepo huleta chumvi, na hata zinki haidumu huko kama idumuvyo bara.

Kila mwaka kabla ya masika, pita ukutani mwa ua na msasa, brashi na kopo la rangi. Sukuma kila nguzo kwa bega. Ondoa majani na udongo uliorundikana shingoni, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, kisha paka. Kwa nguzo 36 ni kazi ya siku moja.

Maswali. Kwa nini nguzo ya pembe huzikwa zaidi kuliko ya katikati? Chora nguzo ya pembe na miega yake miwili, uonyeshe kwa mishale upande waya unakovuta. Kiwanja kina urefu wa mita 42 na upana wa mita 27, na nguzo ni mbali mita 3: ni nguzo ngapi zitakiwazo, na miega mingapi, kama lango ni moja? Udongo wa kwenu ni wa namna gani, nawe ungechimba shimo lenye kina gani? Wale wazee wa Muheza walimpa mwenye mbuzi alipe nusu, wewe ungeamuaje?